Sura ya Sita: Volteji, Uthabiti na Joto — Kupandisha Kasi ya Kichakataji katika Milima ya Usambara

Kichakataji cha kompyuta ya mezani, ambacho mafundi wengi hukiita prosesa, hutoka kiwandani kikiwa kimepangiwa kasi ambayo mtengenezaji yuko tayari kuidhamini popote mashine itakapotumika, iwe ni katika chumba chenye joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari au katika ofisi yenye kiyoyozi. Kati ya kasi hiyo iliyodhaminiwa na kasi ambayo kipande chenyewe cha silikoni kinaweza kuihimili huwa kuna nafasi, na kitendo cha kuitumia nafasi hiyo kwa kubadilisha mipangilio ya kiwanda ndicho kinachoitwa kupandisha kasi, au ovaklokingi katika lugha ya mafundi. Sura hii inakieleza kitendo hicho kwa kuzingatia mambo matatu yanayokiongoza, ambayo ni volteji, uthabiti na joto, na inakiweka katika mazingira ya Lushoto, mji wa milimani ambako ubaridi wa hewa humshawishi mtumiaji aamini kwamba sehemu ngumu ya kazi hii imekwisha kufanywa na hali ya hewa. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ubaridi huo ni msaada wa kweli lakini mdogo kuliko unavyodhaniwa, na kwamba hatari yake iko katika kuyaficha madhara ya volteji, ambayo kipimajoto hakiyaonyeshi.

Saa ya kichakataji na asili ya nafasi

Kila kichakataji hufuata mapigo ya saa ya umeme, na idadi ya mapigo hayo kwa sekunde ndiyo inayotajwa kwa megahezi, yaani mamilioni, au kwa gigahezi, yaani mabilioni. Katika kompyuta nyingi za sasa kasi hiyo hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: mpigo wa msingi unaotolewa na ubao mama, ambao kwa kawaida ni megahezi 100, na kizidishi kilichowekwa ndani ya kichakataji chenyewe. Kichakataji cha Intel Core i7-2600K, kilichoingia sokoni Januari 2011, kilikuwa na kizidishi cha 34, ndiyo maana kasi yake ya msingi ilikuwa gigahezi 3.4, na herufi K mwishoni mwa jina lake ilimaanisha kwamba kizidishi hicho hakijafungwa na mnunuzi anaweza kukibadilisha.

Nafasi ya kupandisha kasi hutokana na namna vichakataji vinavyopangwa madaraja. Vipande vinavyokatwa kutoka bamba moja la silikoni havilingani, kwa kuwa tofauti ndogo mno za utengenezaji hufanya kimoja kihitaji volteji kubwa kidogo kuliko jirani yake ili kifikie kasi ileile, na kiwanda, badala ya kumuuzia kila mteja kiwango cha mwisho cha kipande chake, huweka kiwango kimoja ambacho vipande vyote vya daraja hilo vinakivuka bila shida. Mfano ulioleta sifa kubwa kwa kazi hii ni Celeron 300A ya mwaka 1998, iliyouzwa kwa bei ya chini ikiwa na megahezi 300: kizidishi chake cha 4.5 kilikuwa kimefungwa, lakini mpigo wa msingi ulipopandishwa kutoka megahezi 66 hadi 100, vipande vingi vilifanya kazi vizuri kwa megahezi 450, yaani ongezeko la nusu ya kasi bila kununua chochote.

Nafasi ya namna hiyo ni adimu siku hizi, na kwa mtumiaji wa Tanzania kuna kikwazo kinachotangulia hata swali la joto. Kompyuta nyingi za mezani zinazoingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika ni mashine za ofisini, kama zile za mfululizo wa OptiPlex wa Dell, ambazo vichakataji vyake vimefungwa kizidishi na bao mama zake hazina mipangilio ya volteji. Anayetaka kupandisha kasi upande wa Intel anahitaji kichakataji chenye herufi K na ubao mama wa daraja linaloruhusu, mara nyingi lile linaloanza na herufi Z, ilhali upande wa AMD vichakataji vya Ryzen vya mezani, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2017, kwa sehemu kubwa viliachwa wazi, ingawa baadhi ya bao mama za bei ya chini kabisa haziruhusu. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya kazi hii ni kusoma jina kamili la kichakataji na la ubao mama kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Kwa nini kasi hudai volteji

Ndani ya kichakataji kuna transista, ambazo ni swichi ndogo mno zinazofunguka na kufungika, na kila pigo la saa huzipa muda maalumu wa kukamilisha kazi yao kabla ya pigo linalofuata. Kwa gigahezi 3.4 muda huo ni takriban sehemu 0.29 ya bilioni moja ya sekunde. Kwa gigahezi 4.5 hupungua hadi sehemu 0.22, muda ambao mwanga wenyewe husafiri sentimita zisizozidi saba. Ishara ikichelewa kufika mwisho wa njia yake kabla ya pigo linalofuata, kichakataji hakitambui kwamba kimechelewa, bali huchukua thamani iliyopo wakati huo, na thamani hiyo huweza kuwa si sahihi. Dawa ya ucheleweshaji huo ni kuongeza volteji, kwa kuwa transista inayosukumwa na volteji kubwa zaidi hugeuka haraka zaidi.

Dawa hiyo ina gharama inayokua haraka kuliko faida yake. Nguvu inayotumiwa na transista zinazogeuka hulingana na kasi ya saa ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha volteji, na hesabu moja yatosha kuonyesha maana yake. Ichukuliwe kuwa kichakataji kinatumia wati 95 kwa gigahezi 3.4 na volti 1.20, kisha kikapandishwa hadi gigahezi 4.5 kwa kupewa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 32, lakini nguvu imezidishwa mara 1.32 kwa sababu ya kasi na mara 1.27 kwa sababu ya volteji, hivyo mashine inakula takriban wati 159, ongezeko la asilimia 67. Na kwa kuwa mkondo wa umeme ni nguvu kugawanywa kwa volteji, wati hizo zinapita katika volti 1.35 kama amperi 118 hivi, zaidi ya mara tisa ya kiwango cha plagi ya kawaida ya amperi 13, na zote zinaingia katika kipande kisichozidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba.

Mkondo mkubwa kiasi hicho huleta jambo la pili ambalo mwanafunzi wa kazi hii hulikuta mapema. Njia inayoutoa umeme kwenye ubao mama hadi ndani ya kichakataji ina upinzani mdogo, na hata kama upinzani huo ni sehemu moja tu ya elfu ya omu, amperi 118 zikipita hupoteza volti 0.118 njiani. Mtumiaji aliyeandika volti 1.35 katika mipangilio huenda akaona 1.23 mashine inapobanwa na kazi, na mashine ikaganda ingawa karatasini volteji ilitosha. Bao mama nyingi zina mpangilio wa kufidia upungufu huo, lakini fidia ikiwekwa kali mno hugeuka kuwa hatari yenyewe, kwa sababu kazi nzito inapokoma ghafla na mkondo ukashuka, volteji huruka kwa muda mfupi juu ya kiwango kilichoandikwa, na mruko huo ni mfupi kiasi kwamba programu za kawaida za kusoma volteji haziuoni. Kiwango cha kati cha fidia, kinachoiacha volteji ishuke kidogo wakati wa mzigo, ndicho kinachofaa.

Hewa ya Lushoto na hesabu ya kupoza

Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 katika Usambara Magharibi, ambayo vilele vyake vinavuka mita 2,200, na anayepanda kutoka Mombo kupitia Soni huhisi hewa ikibadilika ndani ya safari ya kilomita zipatazo 33. Wajerumani wa enzi za ukoloni, walioupa mji huo jina la Wilhelmstal, waliupenda kwa ubaridi wake, na hadi leo miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya kuvaa sweta hata ndani ya nyumba. Kwa anayepoza kichakataji, jambo hilo lina uzito, kwa sababu feni haiwezi kukishusha kichakataji chini ya joto la chumba. Inachofanya ni kupunguza tofauti kati ya joto la kichakataji na joto la hewa iliyopo, hivyo chumba kikiwa na baridi zaidi kwa nyuzi kumi, ingetarajiwa kwamba kichakataji nacho kitapungua nyuzi kumi.

Matarajio hayo hayatimii yote, na sababu yake ni mwinuko uleule unaoleta baridi. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, na kwenye mita 1,400 kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 84 ya ile ya usawa wa bahari. Hata baada ya kuzingatia kwamba hewa baridi ni nzito kuliko hewa moto, kila lita ya hewa inayosukumwa na feni mjini Lushoto ina uzito pungufu kwa asilimia 12 au 13 kuliko lita kama hiyo mjini Tanga. Feni husukuma ujazo uleule, lakini uwezo wa hewa kubeba joto unategemea uzito wake, ndiyo maana tofauti ya joto kati ya mapezi ya kipozeo na hewa huongezeka kwa sehemu inayokaribia moja ya kumi. Kichakataji kinachozidi joto la chumba kwa nyuzi 50 kikiwa Tanga, katika chumba cha nyuzi 30, kitafika nyuzi 80. Kikipelekwa Lushoto katika chumba cha nyuzi 20, kitakizidi chumba kwa nyuzi zinazokaribia 55, na kitafika 75. Kati ya nyuzi kumi zilizotarajiwa, takriban tano ndizo zinazobaki kuwa faida.

Hesabu hiyo inahusu njia ya joto kutoka kwenye mapezi kwenda hewani peke yake. Kabla ya kufika huko, joto hupita kwenye silikoni, kwenye kifuniko cha chuma na kwenye krimu nyembamba inayopakwa kati ya kichakataji na kipozeo ili kuziba vijinafasi visivyoonekana kwa macho, na sehemu hiyo ya njia haibadilishwi na hali ya hewa. Krimu iliyokauka kwa miaka mingi, au mapezi yaliyojaa vumbi jekundu la Usambara ambalo hupenya nyumbani wakati wa kiangazi, huweza kuila faida yote ya mlima, na kwa hiyo kusafisha kipozeo na kupaka krimu mpya ni kazi inayotangulia upandishaji wowote wa kasi. Ukungu na unyevu, ambavyo wakazi wa milimani huvihofia kwa vifaa vyao, si tatizo kwa mashine inayopozwa kwa feni ikiwa inafanya kazi, kwa sababu kila sehemu yake ina joto kuliko hewa na mvuke hautui juu yake. Huwa tatizo kwa mashine iliyokaa baridi kisha ikaingizwa ghafla katika chumba chenye watu wengi na hewa nzito, ambayo inapaswa kuachwa izoee kabla ya kuwashwa.

Uthabiti na namna ya kuupima

Mashine thabiti ni ile inayotoa jibu sahihi kila mara, na hilo ni zaidi ya mashine isiyojizima. Kosa kubwa huonekana, kwa kuwa skrini huganda au kompyuta hujiwasha upya; kosa dogo hubadilisha tarakimu moja katika hesabu na kazi ikaendelea kama kawaida. Kwa anayecheza michezo ya kompyuta tofauti hiyo huenda isimuumize, lakini kwa anayechora ramani za misitu ya Magamba au Shagayu kwa picha za satelaiti, au anayehifadhi hesabu za ushirika wa wakulima wa mboga, faili iliyoharibika kimyakimya ni hasara kubwa kuliko dakika alizookoa.

Kwa sababu hiyo uthabiti hupimwa kwa programu zinazofanya hesabu zenye majibu yanayojulikana. Maarufu kati yake ni Prime95, iliyoandikwa na George Woltman mwaka 1996 kwa ajili ya mradi wa kutafuta namba tasa za Mersenne, na ambayo sehemu yake ya majaribio hukibana kichakataji kwa hesabu nzito na kulinganisha kila jibu na lile lililo sahihi. Utaratibu unaofaa ni kupandisha kizidishi hatua moja, sawa na megahezi 100, kisha kuendesha jaribio kwa robo saa huku joto likiangaliwa. Jaribio likishindwa wakati joto liko chini, volteji huongezwa kwa sehemu ndogo, kama volti 0.01 au 0.02, na kila hatua huandikwa daftarini ili ijulikane ni badiliko lipi lililoleta tatizo. Mpangilio wa mwisho hujaribiwa kwa saa nyingi, kisha hupunguzwa hatua moja ili kuacha nafasi ya usalama.

Katika Lushoto utaratibu huo una sharti la majira. Transista zenye joto katika volteji za kawaida za kompyuta za mezani hufanya kazi polepole zaidi na huvujisha umeme zaidi, hivyo mpangilio uliofaulu usiku wa Julai katika chumba cha nyuzi 14 haujathibitishwa kwa alasiri ya Februari, ambapo chumba hichohicho huweza kuwa na joto zaidi kwa nyuzi kumi. Jaribio la mwisho linapaswa kufanywa wakati wa joto, au chumba kifungwe na kupashwa joto kwa makusudi, na mashine iliyopangwa milimani ikihamishiwa Tanga au Dar es Salaam inapaswa kurudishwa kwenye mipangilio ya kiwanda na kupimwa upya.

Umeme wa ukutani

Umeme wa TANESCO hufika nyumbani kwa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na safari yake hadi kwenye kichakataji ina ngazi mbili: pawasaplai huugeuza kuwa volti 12, kisha saketi zilizo kandokando ya kichakataji kwenye ubao mama huushusha hadi volti moja na ushei. Pawasaplai nyingi za sasa hukubali chochote kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo kushuka kwa umeme wa jioni, wakati majiko na pasi zimewashwa, hakubadilishi volteji ya kichakataji moja kwa moja. Kinachodhuru ni kukatika kwa muda mfupi, kwa sababu akiba iliyo ndani ya pawasaplai nzuri inayobeba mzigo wake kamili huishikilia mashine kwa takriban milisekunde 16 au 17, muda usiofika hata mzunguko mmoja wa umeme, na mashine iliyopandishwa kasi huimaliza akiba hiyo haraka kuliko ile iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani. UPS, yaani kifaa cha betri kinachoshika umeme unapokatika, ni lazima ihesabiwe upya pia: ile ndogo ya VA 650 hutoa kwa kawaida wati zisizofika 400, na wati 64 zilizoongezwa na mfano wa hapo juu zinachukuliwa kutoka humo. Wakati wa radi za masika, kuchomoa plagi kunabaki kuwa kinga bora kuliko kifaa chochote.

Madhara ambayo kipimajoto hakiyaonyeshi

Kichakataji cha kisasa hujilinda dhidi ya joto. Vingi vya Intel hupunguza kasi vyenyewe vinapokaribia nyuzi 100, na Ryzen za mfululizo wa 7000 hufanya hivyo kwenye 95, kiasi kwamba ni nadra siku hizi kukiunguza kichakataji kwa joto peke yake. Dhidi ya volteji kinga ni dhaifu zaidi. Volteji kubwa huchosha utando wa kuhami ulio katika kila transista, utando wenye unene unaohesabiwa kwa nanomita chache, na mkondo mkubwa huzisogeza atomi za chuma katika nyaya za ndani hadi baadhi ya njia zikakonda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 James Black alionyesha kwamba maisha ya nyaya hizo hupungua kwa msongamano wa mkondo na pia kwa joto, na hapa ndipo ubaridi wa Usambara unapokuwa na msaada wa nusu: unapunguza kasi ya uchakavu unaoletwa na joto, lakini haufuti ule unaoletwa na volteji yenyewe.

Matukio ya miaka ya karibuni yanathibitisha kwamba hata watengenezaji wanaweza kuukaribia mpaka huo kupita kiasi. Mwaka 2023, baada ya baadhi ya Ryzen 7000 kuungua, AMD iliweka kikomo cha volti 1.3 kwa volteji ya sehemu ya kichakataji inayoshughulikia kumbukumbu na mawasiliano. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba baadhi ya vichakataji vyake vya kizazi cha 13 na cha 14 vilikuwa vikipoteza uthabiti kwa sababu ya volteji kubwa vilizokuwa vikijiombea; mwezi Agosti ilitoa marekebisho yaliyoweka kikomo cha volti 1.55, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Vichakataji vilivyokwisha kudhurika havikuponywa na marekebisho hayo, kwa kuwa volteji ya chini kabisa ambayo vingeweza kufanya kazi ilikuwa imekwisha kupanda. Mashine hizo zilikuwa zikiendeshwa ndani ya viwango vya joto vilivyoruhusiwa.

Fundisho kwa mtumiaji wa milimani ni kuhusu mpangilio wa maamuzi. Aanze kwa kuweka kikomo cha volteji kinachofaa kwa kizazi cha kichakataji chake, na kikomo hicho kisisogezwe hata kama kipimajoto kinasoma nyuzi 60; kisha aweke kikomo cha joto, chini ya kiwango cha kujilinda kwa nyuzi 15 hivi, kitakachotimizwa Februari; kasi iwe ni kile kitakachobaki baada ya vikomo hivyo viwili. Yupo pia anayeweza kuutumia ubaridi kwa njia ya kinyume yenye faida zaidi, kwa kuiacha kasi ya kiwanda na kupunguza volteji: kichakataji cha mfano wetu, kikiweza kuhimili gigahezi 3.4 kwa volti 1.10, hushuka kutoka wati 95 hadi takriban 80, feni yake hutulia, na UPS hudumu zaidi umeme unapokatika. Vichakataji vipya, ambavyo kiwandani vimekwisha kusukumwa karibu na ukomo wake, hunufaika na njia hiyo kuliko na megahezi 100 au 200 za ziada, na kwa mwenye mashine moja anayoitegemea kwa kazi, hayo ndiyo marekebisho ya kwanza anayopaswa kuyajaribu.